Mwanamke wa Ukutani Nimempa Mtoto

Kituoni, Dodoma
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Rehema sasa hivi amebandua kipande cha tepu nyeusi kwenye soli ya kiatu changu, amejibandikia puani, na ananitazama akingoja nicheke. Nimecheka, mama. Nimecheka mpaka dada wa mapokezi ameinua macho kwenye kompyuta yake, maana sisi tunaokaa kwenye benchi hili kungojea kuitwa ofisini hatutegemewi kucheka.

Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi la Kondoa imekufikia? Huku sisi wazima. Rehema ameota gego la kwanza na anauma kila kitu, hata ufunguo wa mlango. Baba yake bado yuko machimboni, Jumapili alipiga simu akamsikia akisema "baba", akaomba aseme tena.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani anaishika baba mdogo, naye huweka sauti kubwa mpaka watu wa mashine ya kusaga wanasikia. Akusomee Mwajuma, siyo baba mdogo, yeye anaruka mistari. Ujumbe wako nimeupata, kwamba nimechafua ukuta wa serikali, niombe radhi haraka na nirudi Kolo kabla sijafungwa. Sasa sikiliza ilivyokuwa, halafu ndiyo unigombeze.

Unajua nafanya usafi hapa kituo cha treni ya mjini. Ni kipya na kizuri. Ukuta mzima umepita mstari wa buluu na kijani, na kila kituo kimepewa nembo yake. Chetu ni kichala cha zabibu, kikubwa kama mlango wa nyumba yetu. Wiki ya kwanza bibi mmoja aliniuliza zabibu zinauzwa dirisha gani. Nikamwambia, bibi, hiyo ni picha ya kukijua kituo. Akasema, "Basi mngeuza na zabibu."

Vyooni nako hawakuandika neno, ni picha tu. Mlango mmoja una mtu mwenye suruali, mlango wa pili una mtu mwenye nguo iliyoshuka ikapanuka chini. Uso hana, nywele hana.

Siku hiyo akaja mzee wa Kigogo kutoka upande wa Hombolo, anakwenda hospitali kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Amevaa lubega lake jeusi, shuka limefungwa begani vizuri, fimbo mkononi, msafi kabisa. Akatazama mlango wa kwanza, akatazama wa pili, akaingia wa pili. Mimi nilikuwa ndani napiga deki. Wanawake walipiga kelele kama wameona nyoka! Mlinzi akaja mbio, akamtoa kwa kumvuta mkono mbele za watu, na vijana wameshatoa simu wanamrekodi.

"Mzee, picha huoni?"

"Naiona," mzee akasema. "Yule amevaa suruali. Mimi nimevaa suruali? Huyu ndiye amevaa nguo kama yangu."

Watu wakacheka. Mimi nikaitazama ile picha upya, mama, na Mungu ni shahidi, ni lubega. Ni yule mzee mwenyewe amesimama mlangoni. Mzee akajifunika kichwa kwa nguo yake, akatoka nje, akaenda kwa miguu. Treni hakuipanda tena. Hospitali ni mbali, na jua la saa saba unalijua.

Baada yake akaja wa pili, akaja na wa tatu, wote wakakosea mlango ule ule. Nilimwambia dada Sekela, msimamizi wetu wa usafi. Akaniambia, "Mama Rehema, kazi yako ufagio. Mabango yana wenyewe." Nikamwambia tena wiki iliyofuata. Akasema nimeanza kujua sana.

Basi nikafanya. Nilimwomba fundi umeme tepu nyeusi, nikakata kichwa kidogo cha duara nikambandikia yule mtu wa mlango wa pili, awe amebeba mtoto mgongoni. Mara ya kwanza nilikiweka juu ya bega. Dada Sekela akapita akasema, "Umempa mama wa watu kibiongo!" Na kweli. Nikarudi nyumbani nikambeba Rehema mgongoni mbele ya kioo cha mwenye nyumba, nikaangalia anatokea wapi. Anatokea kwapani, mama. Anachungulia pembeni, kwapani, kama anaangalia nani anakuja. Kesho yake nikakihamisha, na kifuani nikapitisha mkanda mweupe na fundo, kanga iliyofungwa. Ukimwona unamjua. Miezi miwili sasa hakuna mzee aliyekosea mlango, hata mmoja. Kuna mama alimpigia goti kwa mzaha akasema, "Shikamoo shosti, mtoto hajambo?"

Wiki iliyopita akaja mkubwa wa mabango kuandaa kituo kwa ajili ya wageni wa ukaguzi. Ni kijana tu, miwani, viatu vyeupe.

"Nani amebandika uchafu huu?"

"Siyo uchafu, kaka. Ni mtoto."

Akanieleza kwamba picha zina vipimo vyake na rangi zake, vituo vyote lazima vifanane ili abiria asipotee popote atakaposhuka. Alisema kwa upole, simsingizii. Nikamwambia sawa, lakini hapa walipotea watatu.

"Hao ni wale wachache wasiojua."

"Na nauli wanalipa nusu?"

Hapo upole ukaisha. Akasema nibandue kwa mkono wangu, niandike barua ya kukiri kosa, la sivyo kazi sina. Nikamwambia kubandua abandue yeye, anao mkono. Nikapewa siku tatu za kukaa nyumbani nifikirie. Leo ndiyo majibu.

Nimefikiria, mama. Kazi naitaka. Chumba changu kina dirisha, Rehema ana mama wa kumwangalia hapa hapa nyuma ya kituo, na nikikaa hapa ataanza shule ya mjini. Nikiikosa nitalia, sikufichi. Lakini barua ya kukiri siandiki. Mimi niliyeishia darasa la saba naambiwa sijui picha, na ni mtu wa Kolo! Tumezaliwa tumezikuta picha za watu kwenye miamba, hakuna aliyeandika chini yake huyu ni nani, na mpaka leo unamwonyesha mtoto mdogo anakwambia huyu anacheza ngoma, huyu anakimbia. Aliyechora alikuwa amewatazama watu. Ndicho nitakachowaambia: njooni mkae siku moja mtazame watu.

Wakisema niende, nitakwenda. Ila nitatoka kwa mlango wa mbele, na kurudi Kolo bado sirudi.

Nisalimie Mwajuma mdogo wangu, asome kwa bidii asije akaishia nilipoishia mimi. Nisalimie baba mdogo, na mwambie nampenda pamoja na sauti yake. Msalimie shangazi na watu wa kisimani. Na bibi mwambie fundo la yule mwanamke wa ukutani ni lile lake, la kushoto, alilonifundisha Rehema akiwa na siku arobaini, kwamba mtoto akifungwa hivyo...

Mlango wa ofisi umefunguliwa, dada wa mapokezi ananiita. "Mama Rehema, ingia. Mtoto mwache hapo na mimi." Nimemwambia ahsante dada, naingia naye. Kanga nimeshaitoa, mama, ngoja nimfunge kwanza, wakae nao wamtazame vizuri kichwa chake kinavyotokea hapa pembeni.