Chubwi Ishirini na Saba

Jumatatu, 10 Aprili
Nimeamka saa kumi na nusu alfajiri kupika wali. Si wa familia — wa Ibuki peke yake! Gramu mia nane za chakula cha mchana, na Kocha Onodera anaupima kwa mizani yake kabla mtoto hajaruhusiwa kugusa gongo la besiboli. Ukipungua gramu kumi, mama anapigiwa simu.

Hesabu ya kocha ni moja tu: urefu wako kwa sentimita, toa mia, hizo ndizo kilo zako. Ibuki ana sentimita 168. Basi kilo 68. Sasa hivi ana 61. Asiyefikisha ifikapo tarehe 17 Juni hapewi namba ya mgongoni, na asiye na namba hachezi mashindano ya mkoa. Hiki ndicho kiangazi chake cha mwisho shuleni. Miaka miwili amebeba ndoo za mipira ya wenzake akiingojea namba hiyo.

Kocha mwenyewe hali wali. Nasikia daktari kamkataza, ana sukari.

Ijumaa, 28 Aprili
63.2. Gunia la pili la mchele limeisha. Mimi nimepungua kilo mbili. Hakuna anayenipima.

Jumapili, 14 Mei
Siku ya Akina Mama. Ibuki kaniletea ua jekundu la karnesheni, akakaa mezani, akala mabakuli matatu, akaenda kutapika. Akarudi, akaomba la nne. Nilitamani kulitupa bakuli dirishani.

Baadaye kaja kusimama karibu na sinki. Kasema, "Mama, leo nimekamatwa mara mbili nikiiba kituo."

Mwanangu kukamatwa! Kazi yake kwenye timu ni kuiba: mrushaji akizubaa tu, Ibuki keshafika kituo cha pili anajipangusa vumbi. Kupiga mpira hajui sana, mkono wake wa kurusha ni wa kawaida. Miguu ndiyo mali yake yote. Na wali wangu ndio unaoimaliza.

Nikamuuliza, akiacha kula? Hapati namba. Akiendelea? Anapata namba, ila hawezi tena kukimbia. Sasa namba ya nini, ya kupigia picha?

Jumatano, 17 Mei
Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Vijana wanapimwa na suruali ya mazoezi, maana wanaoandika kilo ni wasichana wawili wa daftari, na kuvua mbele yao ni aibu. Kocha anatoa nusu kilo ya nguo, basi. Nikafungua sanduku la uvuvi la Noboru, mume wangu. Ndani mna chubwi, vile vidude vya risasi vya kuzamishia ndoana. Zake kazipaka rangi ya kijani ili rafiki zake wasimwibie. Nimeshona ishirini na saba: kiunoni, na ndani ya vitambaa vya magoti. Kilo tatu kamili! Ibuki kaijaribu, katembea sebuleni kama bata.

Kuanzia leo anakula bakuli moja, kama binadamu.

Jumamosi, 20 Mei
Nimekwenda duka la wavuvi kununua chubwi nyingine kabla Noboru hajagundua. Mzee Tsukada kasema zimekwisha tangu juzi. Hajui mwaka huu wameingia samaki gani, maana wanunuzi ni akina mama watupu. Nikadhani ni mambo ya televisheni, wanawake siku hizi kila mwezi wana mchezo mpya. Nikanunua ndoana moja ya kujisitiri, nikaondoka.

Jumamosi, 17 Juni
68.1!

Namba 14. Kitambaa cheupe, tarakimu nyeusi. Kuishona mgongoni ni kazi ya mama, hapa kila nyumba ni hivyo. Nimeishona kwa sindano ileile. Ibuki kakaa pembeni akiutazama kila uzi unavyopita. Mimi nikalia kidogo. Mwana anaiba vituo, mama anaiba kilo. Familia ya wezi.

Jumapili, 25 Juni
Balaa. Kocha kasema Ibuki ni mfano wa kuigwa, na kwamba mama yake awafundishe wenzake upishi. Nimesimama jikoni mwa shule mbele ya akina mama kumi na tisa nikidanganya waziwazi: tia shayiri, tia mafuta ya nguruwe, funika, subiri. Wote wameandika, vichwa chini. Hakuna aliyeuliza swali. Hata Mama Sosuke, ambaye huuliza mpaka chumvi ni ya wapi, kaandika tu.

Jumapili, 9 Julai
Tumeshinda 4–3! Ibuki kaiba vituo vitatu — kwa suruali ya mechi, isiyo na kitu. Cha tatu kakiiba mdakaji akiwa bado anatafuta mpira.

Kocha kamwambia mwandishi wa gazeti, "Watu hudhani uzito unapunguza mbio. Mtazameni huyu. Uzito ndio mbio." Nimecheka mpaka machozi. Waliokaa karibu wakanipa leso, wakidhani ni furaha.

Jumatano, 12 Julai
Ujumbe umetumwa kwa wazazi wote. Jumamosi kuna upimaji wa hadhara, ukumbi wa michezo, gazeti litakuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliosema.

Noboru kauliza chubwi zake ziko wapi. Nimemwambia awaache samaki wapumzike.

Jumamosi, 15 Julai
Naandikia nyuma ya ratiba ya zamu zetu za kuwapikia vijana chai, nikijifanya nachukua maelezo ya kocha. Ukumbini ni joto. Vijana ishirini wamepanga mstari, Ibuki wa kwanza. Mizani ni mpya. Kamera iko tayari.

Wasichana wa daftari wameambiwa watoke nje. Sikuelewa kwa nini, mpaka kocha aliposema, "Vueni suruali. Bukta tu, mkoa uone miili iliyojengwa kwa wali."

Ibuki kanitazama. Nami nikatazama sakafu, Mungu anisamehe. Namba yake ndiyo hiyo inakwenda.

Mama Sosuke kaniinamia. "Mama Ibuki, wewe ulitia ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Usinifanye mtoto. Mimi arobaini."

Ndipo nikainua macho. Vijana ishirini, mikono kwenye mikanda, hakuna hata mmoja aliyefungua. Kocha karudia amri, safari hii kwa sauti kubwa. Halafu kitu kikaanguka — tak! — kikabingirika polepole kupita mizani, kikasimama kwenye kiatu cha kocha.

Chubwi, ila si yetu ya kijani. Hiyo ina rangi nyekundu.

Kocha anainama kuiokota. Akina mama wote tunatazama malapa yetu.