Kelele ya Mvuke

Voi, 2 Februari 2024

Mwanangu Nabwile,

Bwana asifiwe. Hamjambo huko Mombasa? Mimi mzima, ila masikio yamekufa kabisa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Kiwanda kimenistaafisha. Boila yangu ya mvuke sasa inaendeshwa na Kaloki, kijana aliyechukua nafasi yangu, na wamemnyima vya kuziba masikio. Meneja anasema ripoti ya kelele inaonyesha boila ni sawa na kompresa ya hewa, maana presha ni moja, na watu wa kompresa wanasikia vizuri. Eti mimi ni uzee tu. Miaka thelathini na moja nimesikia valvu zote mbili zikifunguliwa! Hewa inapuliza, mvuke unapasua kichwa. Wewe umesomea mambo haya. Kwa nini?

Babako,
Wesonga

Mombasa, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Sisi wazima. Mjukuu wako Shanice ameng'oka jino na anakusalimu.

Uko sahihi. Hata presha ikiwa sawa, mvuke wa boila ni wa moto sana na ni mwepesi kuliko hewa, kwa hiyo unatoka kwa kasi kubwa zaidi. Na kasi ikizidi kidogo tu, kelele inazidi mara nyingi sana. Watu wa boila lazima wakingwe masikio.

Usiseme ni mimi nimekuambia.

Bintiyo,
Nabwile

Voi, 20 Februari 2024

Nabwile,

Natumaini mko salama.

Nilimsomea meneja barua yako bila kutaja jina. Akacheka, akanipa ile ripoti. Sahihi ya chini ni yako. Ulipima nikiwa mazishini Bungoma, na Kaloki anasema boila ilikuwa imezimwa siku hiyo. Ulipima nini, mwanangu?

Babako

Mombasa, 1 Machi 2024

Baba,

Naomba uwe mzima.

Mkubwa wangu aliniambia nipime kompresa tu na niandike matokeo yake kwa zote mbili. Ningekataa, kazi ingeenda. Naona aibu kukuandikia. Tafadhali nirudishie ile barua ya Februari. Ikifika kwa watu, nimekwisha.

Bintiyo

Voi, 9 Machi 2024

Nabwile,

Mimi mzima. Wasalimu watoto.

Nilijivunia masomo yako mbele ya kanisa zima, na leo yananitia uchungu. Barua yako sina. Nimempa Kaloki, anaipeleka kwa afisa wa kazi Jumatatu. Mkewe amejifungua, na Kaloki bado anamsikia mtoto akilia.

Babako,
Wesonga