Meza ya Chiriku

Karakanani kwangu,
Jumapili, baada ya chakula

Mpendwa binti yangu,

Habari za huko ulikokimbilia ukatuacha? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote. Mimi nipo, na meno ya kukucheka bado ninayo.

Kwanza ujue kwamba nimemfundisha Chiriku wako kusoma. Mimi mwenyewe, baba yako niliyeishia darasa la nne.

Haya, nimedanganya. Waliomfundisha ni walimu wawili, na mimi nusura niwaharibie kazi.

Si uliniomba nimchongee mwanao meza ya peke yake, kwa vile herufi humkimbia, akae hapo mpaka umpatie nafasi ile shule ya bweni ya mbali? Nikachonga meza pana, nikaipiga msasa ikawa laini kama shavu la bibi harusi. Mwalimu wa elimu maalumu akaiweka nyuma ya darasa, akawa anakaa naye huko. Haukupita muda mtoto akagoma. Anasimama dirishani, hasomi wala hasemi. Fikiria Chiriku asiyesema.

Siku hiyo nilikuwa pale nikifunga bawaba za mlango, masikio wazi. Mwalimu wa darasa, yule mama mwenye sauti ya tarumbeta, akamwambia mwenzake, "Leo chaki shika wewe. Kule nyuma nitakaa mimi."

Ndivyo walivyoanza kubadilishana. Meza wakaileta katikati, na yeyote aliyekwama huenda kukaa hapo. Mmoja akiwa ubaoni, mwingine yuko mezani, kesho wanageuza. Darasa zima likapewa vipande vya kadi vyenye kidirisha, mtoto aone mstari mmoja tu kwa wakati. Sasa wanaigombania meza yangu, na huwezi kujua nani ana shida na nani ni mvivu tu. Wakishatoka watoto, wale wawili hubaki wakipanga somo la kesho, wanabishana kama mke na mume.

Juzi Chiriku kachukua pakiti ya dawa zangu za presha, akaweka kidirisha chake, akasoma taratibu mbele ya bibi yake: "Usitumie pamoja na pombe."

Mwanangu, pakiti hiyo miaka yote nilikuwa nawasomea mimi, kwa namna yangu. Nimenyang'anywa kachupa kangu, na bado nikatoka nje kufuta machozi ya furaha. Usimwambie mtu.

Walimu wale nimewashukuru mpaka wamenichoka. Mle darasani kiti cha mwalimu kilikuwa kimoja, nimewachongea cha pili. Nakusihi, nafasi ya bweni waachie wengine.

Msalimie mumeo, yule mlingoti, na shangazi yako hapo jirani. Mungu awafunike kwa amani, mlale usingizi mnono.

Halafu meza ile hujaniambia hata ahsante, kwa hiyo nakudai fadhila ndogo. Jibu la barua hii mwandikie Chiriku mwenyewe, kwa herufi kubwa, mistari iachane. Mwambie anabaki. Mimi sitamsomea.

Baba yako akupendaye hata ukimnunia