Niliombwa Kubaki

Butimba, Mwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Sisi tupo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini jana alikwenda sokoni mwenyewe, na dagaa wa kukutumia ameshawaanika.

Unauliza kesi yangu dhidi ya serikali imeishaje. Nimeshindwa. Malipo ya saa za ziada sipati, na mafao ya kustaafu yanabaki yalivyo.

Siku mama yako anazaliwa nilikuwa kijana, fundi wa mitambo ya kusukuma maji ya ziwa. Zamu yangu iliisha, lakini mwenzangu wa kunipokea alikuwa msibani Kisesa. Bosi alikuja mwenyewe, akanishika mkono. "Ndugu yangu, naomba unisaidie leo." Mtu mzima akikuomba hivyo unamkataliaje? Nikabaki. Ikawa ndiyo desturi yetu mpaka nastaafu.

Mahakamani wakili wa serikali aliniuliza, "Nani alikuamuru ubaki?" Nilikuwa nimeshaapa. Nikasema, "Hakuniamuru mtu. Niliombwa." Hukumu ikasema nilijitolea. Miaka yote ile, mjukuu wangu, imeitwa kujitolea.

Sasa na wewe umeajiriwa huko Dodoma. Wakikuomba ubaki, sijui hata nikwambie ujibu nini.

Bosi yule, mzee kama mimi sasa, alikuja hapa Jumapili. Akanishika mkono vilevile. "Ndugu yangu, naomba unisamehe."

Nilisema "haya" kabla hajamaliza.

Ni mimi babu yako