Vidole Vinane na Viti Sitini

Karakana ya Mzee Idi,
Itigi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Naamini barua hii inakukuta umesimama kwenye meza yako ya kazi pale uani Misigiri, kifua kimetulia, na mama ana nguvu za kukugombeza kwa maranda unayoingiza ndani. Alizeti mmemaliza kuvuna? Huku kwetu upepo umekausha kila kitu, tunafagia vumbi asubuhi na jioni linarudi.

Mimi ni mzima, ila kuna jambo nililokuficha, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, ungeniambia nipande basi siku hiyo hiyo. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Baba, kabla ya Pasaka nilikatwa na msumeno wa umeme. Nilikuwa napasua ubao wa mninga, ukafika kwenye fundo, ukaruka, na mkono wangu wa kushoto ukafuata. Kidole cha mwisho na kile kilicho jirani yake havipo tena. Hospitali walinihudumia vizuri, kidonda kimefunga. Zile wiki nilizokwambia nina kazi nyingi nilikuwa nimelazwa. Nisamehe kwa uongo ule. Sikutaka mama alie na mimi siko karibu.

Niliporudi kazini nilichukua patasi uliyonipa siku naondoka. Mkono wa kushoto haukuweza kuishika. Nikipiga nyundo, patasi inazunguka. Siku nzima nilichimba tundu moja, tena limepanuka upande mmoja, ubao ambao wewe ungeutupa jikoni ukawe kuni. Mzee Idi, mwenye karakana, hakunifukuza. Alinipa msasa na ufagio. "Piga msasa kwanza, binti yangu," akasema. Alinionea huruma, na huruma ile ilinikosesha usingizi kuliko kidonda. Nilijiuliza, ndiyo basi? Miaka yote uliyonisimamisha pembeni yako, niishie kusugua kazi za wenzangu?

Sasa, chini ya meza ya Mzee Idi kulikuwa na sanduku la plastiki. Alilinunua kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anafunga kazi, na hakuna aliyelijali. Ndani kuna mashine ya umeme inayofanana na grenda. Mbele ina kikeekee chembamba cha kutobolea ambacho kinazunguka huku kinacheza kushoto na kulia. Unaikandamiza kwenye ukingo wa ubao, unasukuma taratibu, inaacha tundu refu lililo safi. Unatoboa la namna hiyo kwenye ubao wa pili. Kisha unachukua ulimi wa mti uliochongwa peke yake, unapaka gundi, nusu inaingia huku na nusu kule, unabana mpaka ikauke.

Najua umeshakunja uso. Wewe ulinifundisha kwamba ulimi unachongwa kwenye ubao wenyewe, na huu ni wa kupachika. Lakini baba, mashine hii mkono wa kulia ndio unaoibeba. Wa kushoto unakandamiza tu kwa kiganja, na kiganja ninacho.

Nikaanza kujifunza kwa vipande vya kutupa, kila Mzee Idi alipokwenda kuswali adhuhuri. Nilipoona naweza, nikatengeneza kiti, nikamwita akikalie. Akakaa, akaegemea nyuma, mguu ukachomoka, akaanguka kitako kwenye maranda. Akainuka, akapangusa kofia yake.

"Salome, hii mashine ni ya mchezo."

Nilikifungua kile kiungo nikakichungulia. Tundu lilijaa unga wa mbao, gundi ikashika unga badala ya mti. Na nilikuwa nimeweka ulimi mmoja, tena mfupi. Nikakumbuka swali ulilokuwa ukiniuliza kila nilipotaka kulipua kazi: "Gundi ikichoka, nini kitashika?" Tangu siku hiyo napuliza kila tundu, napaka gundi kwenye kuta zake na si kwenye ulimi peke yake, na kila kiungo cha mguu kina ndimi mbili ndefu zilizoingia kwa kubana.

Baada ya hapo akaja mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, anataka viti sitini kabla ya mitihani. Mzee Idi akatikisa kichwa, maana fundi mwenzangu tuliyekuwa naye hapo alikuwa ameshahamia Dodoma. Nikaacha ufagio nikasema, "Tutaviweza."

Mzee akanivuta pembeni. "Kwa vidole vitatu?"

"Ninavyo vinane, mzee. Hesabu na mkono wa kulia."

Akaniambia, "Tengeneza kimoja. Kikinibeba, tunachukua kazi. Kikiniangusha tena, unarudi kwenye msasa na habari hii tusiiongee tena."

Kupasua mbao za kiti kile ilibidi nisimame tena mbele ya msumeno ule ule. Niliuwasha nikauzima, baba. Nikauwasha tena, nikakata. Siku hizi nasukuma ubao kwa kipande cha mti, mkono wangu haukaribii.

Kiti kilipokauka, Mzee Idi alikaa, akaegemea, akayumba huku na huku. Kikanyamaza kimya. Akapanda juu akaruka. Bado hakuridhika, akachukua nyundo kubwa akapiga mguu mpaka ubao ukapasuka. Ulipasukia pembeni ya kiungo. Ndimi zilikuwa bado zimeshika. Aliliinua lile sanduku akaliweka juu ya meza yangu. "Kaandike mbao zinazohitajika," akasema, akaenda zake.

Umeme ulitukatikia mara nyingi, na saa hizo nilipiga randa na msasa bila kinyongo. Tulimaliza vyote sitini. Siku ya kuvipokea, mwalimu mkuu alimwita mpishi wa shule, mama mmoja mnene kwelikweli, akamwambia achague chochote akikalie. Yule mama alikalia vinne, akasema, "Hiki cha mwisho kaniletee jikoni." Wote tukacheka, na mimi nikajikuta nafuta machozi.

Kwa hiyo baba, najua nafasi yangu hapo nyumbani ipo, na nakushukuru, lakini sirudi kukaa. Kazi ninayo na ninaiweza. Nitakuja kuwaona mkianza kuvuna vitunguu, na nitakuja na mashine. Kuna jambo linanisumbua: mlango mzito wa mbao za mkongo, unaofunguliwa na kufungwa kila siku, sijaamini kama ndimi za kupachika zitaubeba. Nataka tukae tulifikirie wote wawili.

Mama mpe shikamoo yangu. Habari ya mkono mwambie wewe mwenyewe, akiwa ameshakula na amekaa. Msalimie kaka Yona anayewasaidia shambani, na bibi mzaa mama, mwambie blanketi lake limenifaa sana hospitalini. Shangazi Raheli aliyesema mwanamke seremala hataolewa, mwambie hajakosea bado, ila ajiandae kukosea.

Dereva wa lori aliyekuletea barua hii amekuletea na kiti. Hicho ni cha sitini na moja, ni cha kwako. Kaa kwa uzito wako wote, egemea nyuma, kigonge ukitaka. Ukiona kimelegea, kifungue uniambie nilipokosea, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote. Usikionee huruma kwa sababu ya mkono uliokitengeneza.

Ni mimi binti yako, fundi,
Salome