Swali la Kutoka Nje

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi hapa kijijini Natta, baridi kidogo, na mimi sina hamu ya chochote.

Leo nimedanganya kwenye simu.

Aliyepiga ni nesi wa hospitali ya Mwanza nilikolazwa nilipopata kiharusi. Kila mwezi hutupigia sisi tuliotoka wodini, anauliza tunaishije. Unaoga mwenyewe? Ndiyo. Unavaa mwenyewe? Ndiyo, ila vifungo vya shati vinanitoa jasho. Unatoka kwenda kwa watu?

"Kila siku, sista," nikasema.

Sijavuka uzio wa nyumba za walimu tangu mke wangu arudi kazini kwake Njombe. Huu ni mwezi wa tatu.

Nesi akafurahi. Akasema kwa maendeleo haya ananitoa kwenye orodha, hatanisumbua tena. Nikamshukuru kwa adabu zote, mjinga mimi.

Kutembea natembea. Kinachonifungia ndani ni mkono wa kulia. Hapa mzee unampa shikamoo na mkono wa kulia, na wangu unaning'inia tu. Siku ya kwanza kutoka peke yangu, kabla sijafika uzioni, nilimpa mzee jirani mkono wa kushoto. Hakunisema. Aliupokea kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa huruma mpaka nikatamani angenigombeza. Nilirudi ndani, ikawa basi.

Na kosa ni langu. Siku kiharusi kiliponianza, chaki ilinidondoka mara tatu, nikamalizia kipindi kwa kuandika na mkono wa kushoto. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Kisha nikaenda kulala nikidhani ni uchovu. Nilifika Mwanza kesho yake. Daktari akanieleza kuwa dawa ya kuyeyusha donge la damu kichwani hutolewa ndani ya saa chache za mwanzo. Zangu zilikuwa zimepita, kwa hiyo nikapewa vidonge na mazoezi ya viungo.

Jirani yangu wa kitanda, Marwa, mfugaji wa Tarime, aliipata dawa hiyo. Kiharusi kilimkuta hukohuko Mwanza, nyumbani kwa binti yake, akakimbizwa hospitali. Alitoka wodini akipunga mikono yote miwili. Nilimwonea wivu, nakiri.

Jana alinipigia. "Mwalimu, wanangu wamehamisha ng'ombe bila kuniuliza. Eti kichwa cha mzee kiliguswa. Sasa mkono huu mzima nifanye nao nini?"

Wivu uliisha palepale, lakini sikupata nafuu yoyote.

Leo mchana kutwa nimelifikiria lile jibu langu kwa nesi. Mtu pekee aliyekuwa ananiuliza naishije, nimemfukuza mwenyewe kwa neno moja.

Saa kumi jioni nikampigia.

"Mwalimu, kuna tatizo?"

"Sista, nilikudanganya. Sitoki. Sijatoka siku nyingi."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha akasema, bila kunilaumu, kwamba basi tuyarudie maswali yote kuanzia la kwanza.

Nikamwomba aulize polepole.