Samansi ya Siku ya Zamu Yangu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimetwanga mahindi, nimemwogesha Rehema. Tarishi wa mahakama kaja, kaniuliza jina, kanipa karatasi. Samansi. Nimeisoma mwenyewe, herufi moja moja. Kisomo kimenifaa. Niende Korogwe Ijumaa, nikaseme baba Rehema alilala wapi usiku magunia mawili ya mahindi yalipoibwa kwenye ghala la kijiji. Kashtakiwa yeye, naye kasema alilala kwangu, maana ilikuwa zamu yangu.
Hakulala kwangu.

Jumanne, 6 Agosti
Alipokuwa napajua. Alfajiri ile nilikwenda kwa Mwajuma, mke mwenzangu, kuomba kaa la moto. Nikakuta baiskeli ya mume wetu imeegemea ukuta wake. Na mimi nilimchemshia maji ya kuoga mara mbili! Nikarudi bila moto. Sikusema. Wivu ulinikaba kama mwiba wa samaki. Haujatoka.

Jumatano, 7 Agosti
Kaja kunibembeleza. "Mama Rehema, sema tu nilikuwa kwako. Zamu yako, nani atabisha?" Anaona haya watu wajue kampunja mke mkubwa. Jela haioni.
Mwajuma kapita na khanga mpya. "Shikamoo dada." Shikamoo! Ningemrushia mchi.
Nikisema hakuwa kwangu, nikaishia hapo, atafungwa. Tukose wote wawili. Nimeliwaza hilo, Mungu anisamehe. Halafu watoto watano niwalishe nini?

Alhamisi, 8 Agosti
Rehema ana mafua. Kushika Msahafu nikadanganya, siwezi. Kusema kweli, aibu yangu.

Ijumaa, 9 Agosti
Mimi na baba Rehema tumepanda treni Mnyuzi. Mwajuma naye kaja, kakaa behewa letu. Sikumtazama.
Nimeapa. Nikasema alikuwa kwa mke mdogo. Hakimu kauliza, "Umejuaje, mama?" Nikajibu niliona baiskeli imeegemea ukuta wa Mwajuma. "Mbona hukumuuliza?"
Watu wakacheka. Mmoja nyuma kasema, "Angeuliza nini, na jibu limeegemea ukuta!" Nilitamani sakafu inimeze.
Mwajuma kasimamishwa, kakiri, macho chini. Mume wetu kaachiwa. Mlangoni kanishika mkono. Nikautoa.

Jumapili, 11 Agosti
Rehema kapona mafua. Nimepika mchicha na ugali.
Leo zamu yangu. Kaja jua halijazama, baiskeli kaiegemeza mlangoni kwangu, kila mpita njia aione. Ndoo kaikuta uani. Maji ya kisimani, sikuyachemsha.
Kaoga. Hivyo hivyo, baridi.